Maswali Yenu: Simama, Pisha, Pita

Barua za safari hii zimeangukia jambo moja: magari mawili yakikutana njia panda, nani apite kwanza, na kibao kinamwambiaje. Zilizofanana tumeziunganisha, ndefu tumezipunguza.

Tumeambiwa darasani kwamba kibao cha kusimama kina pembe nane, tukariri tu. Kwa nini nane? Kwa nini kisiwe duara au mraba kama vingine?
*Mwanafunzi wa udereva, Morogoro*

Kilianza kikiwa mraba. Kibao cha kusimama cha kwanza kinachojulikana kiliwekwa Detroit, Marekani, mwaka 1915: kibao cheupe cha inchi 24 kwa 24, maandishi meusi. Shida ikawa kwamba kila mji uliamua lake, na dereva aliyetoka jimbo moja kwenda jingine alijikuta hajui kusoma barabara. Mwaka 1922 maofisa watatu wa barabara, wa majimbo ya Wisconsin, Minnesota na Indiana, walizunguka majimbo kadhaa kutafuta utaratibu mmoja. Mapendekezo yaliyotoka Januari 1923 yalisimama juu ya wazo moja jepesi: umbo liseme kabla ya maandishi, na kadiri pembe zinavyozidi ndivyo hatari inavyozidi. Duara, walilolihesabu kuwa na pembe zisizo na idadi, likapewa makutano ya reli. Pembe nane zikawa za kusimama, almasi ikawa ya tahadhari, mstatili ukabaki kwa maelekezo.

Kumbuka hali ya siku zile. Vibao havikuakisi mwanga, taa za magari zilikuwa hafifu, na usiku dereva aliona kivuli cha bati tu. Umbo ndilo lililobaki kusomeka. Hata leo lina kazi hiyo: vumbi likifunika maandishi au jua likikupiga machoni, pembe nane bado ni pembe nane. Na kuna faida ambayo wengi hawaifikirii, kwamba umbo husomeka kwa nyuma pia. Ukiwa barabara kuu, mgongo wa kibao cha njia ya pembeni unakueleza kuwa yule anayetokea kule ameamriwa kusimama. Ndiyo maana hakuna kibao kingine kinachoruhusiwa kuazima umbo hilo.

Rangi ilichukua muda mrefu zaidi. Tangu miaka ya 1920 hadi 1954 Wamarekani walitumia njano, kwa sababu hapakuwa na nyekundu iliyostahimili jua na mvua. Enameli ya kaure, yaani rangi ya kioo inayochomwa juu ya bati, ilipoleta nyekundu isiyochujuka, kibao kikabadilishwa mwaka 1954 kuwa chekundu chenye herufi nyeupe. Waingereza wao walikuwa na neno HALT. Vibao vyao vipya vya miaka ya 1960 vikaleta STOP ndani ya pembetatu iliyogeuzwa, nayo ndani ya duara, na pembe nane wakazichukua mwaka 1975. Mkataba wa Vienna wa 1968 wa alama za barabarani unakubali maumbo yote mawili, la pembe nane na la duara lenye pembetatu, na unaruhusu neno liandikwe STOP au kwa lugha ya nchi. Ndiyo sababu ukienda Muscat unakuta pembe nane zilezile zenye Kiarabu na Kiingereza. Japani imebaki na njia yake: kibao chao cha kusimama ni pembetatu nyekundu inayotazama chini.

Kijiweni tumebishana: pembetatu ya kupisha, ile ya kichwa chini, ni ya Mmarekani au ya Mzungu wa Ulaya?
*Dereva wa daladala, Mwanza*

Pembetatu ni ya Ulaya. Mkataba wa Geneva wa Machi 1931 ulikuwa tayari na pembetatu iliyogeuzwa, ukimjulisha dereva kwamba barabara iliyo mbele ndiyo yenye haki. Mwaka 1938 Czechoslovakia ikaitumia kama amri ya kupisha.

Mmarekani alikuja baadaye kwa njia yake mwenyewe. Clinton Riggs, polisi wa Tulsa, Oklahoma, alisimamisha kibao chake mwaka 1950 kwenye kona ya First Street na Columbia Avenue. Kilikuwa cha njano, kipana juu na chembamba chini, kimeandikwa mpishe mwenye haki. Riggs hakutaka tu kuzuia ajali. Alitaka pia kuwe na jibu baada ya ajali: nani alipaswa kumpisha nani. Kibao kikaingia kwenye mwongozo wa taifa mwaka 1954 kikiwa pembetatu ya njano, na mwaka 1971 kikawa chekundu na cheupe.

Kwa nini kichwa chini? Kwa sababu nchi nyingi zilikwisha kutumia pembetatu yenye ncha juu kwa tahadhari. Kuigeuza kulileta umbo jipya bila kubuni kitu kigeni, na kwa nyuma halichanganyiki na kingine. Sheria yake nayo ni fupi: husimami kama njia ni nyeupe, lakini ukimlazimisha mwenye haki kukanyaga breki au kukata usukani, umevunja amri.

Nina karakana ya vibao. Mteja ameniagiza vya kusimama vya sentimita 75. Nikikata kwa kukadiria pembe haziwi sawa. Halafu vile nilivyotengeneza mwaka juzi vimekuwa vya pinki, na mteja analalamika kwamba usiku havionekani.
*Fundi, Kisumu*

Tuanze na kukata. Chukua mraba wa upana unaoutaka. Zidisha upana kwa 0.293; hicho ndicho kipimo cha kutoka kila kona, kwa pande zote mbili za kona hiyo. Unganisha alama, kata kona nne. Kwa mraba wa sentimita 75, pima sentimita 22 kutoka kona; kila ubavu wa pembe nane utakuwa karibu sentimita 31.1. Kwa sentimita 60 pima 17.6, ubavu uwe 24.9. Kwa sentimita 90 pima 26.4, ubavu uwe 37.3. Hakiki kwa kupima mbavu zote nane kabla ya kupiga msasa. Wanaokosea hugawa upande wa mraba kwa tatu, wakapata mbavu nne ndefu na nne fupi. Kibao hicho ukikitazama kwa mbali kinaonekana kama almasi iliyokatwa ncha.

Herufi: theluthi moja ya kimo cha kibao, hicho ndicho kiwango cha chini cha Mkataba wa Vienna na ndicho Wamarekani wanachotumia. Kwa hiyo kibao cha sentimita 75 kinabeba herufi za sentimita 25, na mstari mweupe wa pembeni wa karibu sentimita 2. Usiruhusu mteja aongeze namba ya simu au tangazo ndani yake. Kwa bati, alumini ya milimita 2 inatosha ukubwa huo. Kwa sentimita 90 tungependelea milimita 3, la sivyo upepo utaikunja.

Sasa kuhusu usiku, na hapa ndipo kazi nyingi za karakana zinapoharibika. Stika ya kuakisi ina shanga ndogo za kioo au vijipembe vya plastiki vinavyorudisha mwanga kule ulikotoka, yaani kwenye taa za gari na macho ya dereva. Ukipaka juu yake rangi nyekundu ya kawaida ya mafuta, umeziba shanga. Mchana kibao kinapendeza; usiku eneo lote jekundu linakuwa jeusi. Ukibandika herufi za vinili nyeupe isiyoakisi juu ya stika nyekundu, kinyume chake kinatokea: nyekundu inawaka, neno linapotea. Njia sahihi ni mbili. Moja, stika nyeupe ya kuakisi kibao kizima, kisha nyekundu ichapwe kwa skrini na wino unaopitisha mwanga, ulioidhinishwa na mtengenezaji wa stika hiyohiyo. Mbili, filamu nyekundu inayopitisha mwanga ibandikwe juu ya stika hiyo nyeupe, herufi na mstari wa pembeni vikatwe na kutolewa, weupe wa chini ujitokeze. Kwa karakana ndogo tungechagua ya pili: haina kupima unene wa wino, na nyekundu inakuwa moja kibao kizima.

Pinki inatokana na wino. Rangi inayoonekana nyekundu ni ile inayomeza mwanga wa buluu na kijani, wenye nguvu kubwa kuliko mwekundu, na mwanga huo pamoja na miale ya juu zaidi huvunja chembe za rangi kidogokidogo. Wino wa mabango ya matangazo umetengenezwa kwa msimu, si kwa miaka. Stika ya daraja la chini hupewa dhamana ya karibu miaka 7, ya daraja la juu karibu 10, lakini dhamana hiyo haipo kama wino si wake.

Unapobandika: futa bati kwa kiyeyushi hadi kitambaa kitoke cheupe, lisubiri likauke, usiliguse tena kwa vidole. Anza katikati ukisukuma hewa kwenda pembeni kwa kipande cha plastiki kigumu chenye kitambaa. Kiputo kikibaki, kitoboe kwa pini na ukisukume. Usikikate kwa kisu. Usifanye kazi hiyo asubuhi ya baridi chini ya nyuzi 18, gundi haitashika. Toboa matundu ya bolti kabla ya kubandika, na chini ya kichwa cha kila bolti weka washa ya nailoni, maana chuma kikizungushwa juu ya stika huikunja na kuichana, na mchaniko huo ndio mlango wa maji.

Kipimo cha kazi nzuri, kwa anayetaka namba: mwongozo wa Marekani unataka weupe wa kibao cha kusimama urudishe walau 35 na wekundu walau 7, kwa kipimo cha kandela kwa kila laksi kwa mita ya mraba, na weupe uuzidi wekundu angalau mara 3. Bila mashine, kiweke mita 50 mbele ya gari usiku, taa za chini, ukae kwenye kiti cha dereva. Neno lisomeke na wekundu uonekane wekundu.

Mwishowe kusimika, hata kama si kazi yako. Ukingo wa chini uwe mita 2.1 kutoka ardhini panapopita watu. Kibao kigeuzwe kidogo, nyuzi 3 hadi 5, kukwepa barabara. Kikitazama gari moja kwa moja kinang'aa kama kioo na neno halisomeki. Chini ya nguzo, ndani ya zege, chomelea kipande cha nondo kwa mkingamo. Bila hicho upepo au watoto huizungusha nguzo, na kibao cha kusimama kinaishia kuwatazama walioko barabara kuu, jambo baya kuliko kutokuwa na kibao kabisa. Kuhusu wezi wa vyuma chakavu: toboa tundu kadhaa ndogo nje ya herufi ili bati lisifae kuezekea wala kukaangia, na tumia nati zinazokatika kichwa zikikazwa.

Bodaboda zinapita kasi mno barabara kuu mbele ya mtaa wetu. Tunataka vibao vya kusimama viwekwe barabara kuu ili wapunguze mwendo. Tuanzie wapi?
*Mwenyekiti wa mtaa, Dodoma*

Mheshimiwa mwenyekiti, tunakushauri uache ombi hilo. Kibao cha kusimama si dawa ya mwendo, na miongozo ya barabara inasema hivyo waziwazi. Dereva akisimama mara kumi bila kukuta mtu, ya kumi na moja hasimami, na siku hiyo ndipo mama atakuwa anavuka na mtoto. Mbaya zaidi, anazoea kudharau kibao hicho na kwingineko. Kwa mwendo ombeni matuta, kivuko cha watembea kwa miguu au kibao cha mwendo wa 30.

Kinachostahili kibao ni njia yenu ya mtaa inapoingia barabara kuu, na chaguo kati ya kusimama na kupisha linatokana na macho, si hasira. Pimeni hivi. Mtu achuchumae mita 2.4 nyuma ya ukingo wa barabara kuu, macho yawe urefu wa mita 1.05, kama dereva wa gari dogo. Mwingine atembee kando ya barabara kuu na fimbo ya urefu huohuo, aweke alama mahali ncha ya fimbo inapopotea. Rudieni upande wa pili. Pimeni kwa futi kamba.

Kwa mwendo wa 50, gari linahitaji karibu mita 63 kusimama: kama mita 35 zinaisha dereva akiwa bado anang'amua, kwa sekunde 2.5, na 28 nyingine ni za breki. Mkiona pungufu ya hizo upande wowote, hapo ni pa kusimama. Dereva wa gari dogo anayeingia na kukata kulia anahitaji mwanya wa karibu sekunde 7.5, yaani mita 104 kwa mwendo huo. Mkiona zaidi ya hapo pande zote, kupisha kunatosha. Lori lenye tela linataka sekunde 11.5, mita 160. Kama malori ya mchanga yanatoka mtaani kwenu, tumieni namba hii.

Lakini kabla ya kuomba bati lolote, angalieni kinachoziba. Mara nyingi ni ua wa minyaa, genge la nyanya au gari bovu lililoegeshwa kona. Kuondoa kitu hicho kunasaidia kuliko kibao, na ni bure.

Ombi lipitie ofisi ya kata kwenda TARURA kama barabara ni ya wilaya, au TANROADS kama ni barabara kuu au ya mkoa. Ambatanisheni mchoro wenye vipimo mlivyopata. Barua yenye mita inajibiwa kwa urahisi kuliko yenye malalamiko. Ombeni na mistari ya lami: kibao bila mstari kinamwacha dereva akisimama anapotaka, mara nyingi juu ya kivuko. Mtindo wa Uingereza ni mstari mmoja mnene usiokatika kwa kusimama. Kwa kupisha ni mistari miwili iliyokatika, vipande vya sentimita 60 na nafasi za 30. Na msisimike kibao chenu wenyewe.

Nilijifunza kuendesha Mombasa, sasa niko Hamburg. Kuna almasi ya njano sijawahi kuiona, na kwenye vijia vya makazi hakuna kibao chochote. Juzi mzee mmoja alinipigia honi hadi nikatetemeka.
*Msomaji, Ujerumani*

Honi hiyo pengine ilikuwa ya haki. Ujerumani makutano yasiyo na kibao, taa wala polisi yana sheria moja: anayetokea kulia kwako anapita kwanza, hata kama njia yake ni nyembamba kuliko yako. Kwenye maeneo ya mwendo wa 30 ndivyo ilivyo karibu kila kona, kwa hiyo unafika kila kona mguu ukiwa juu ya breki. Asiyepewa haki hiyo ni anayetoka kwenye njia ya shamba, uani, au anayevuka ukingo ulioshushwa. Huyo anawapisha wote.

Almasi ya njano yenye ukingo mweupe inakwambia uko barabara yenye haki, na haki hiyo inaendelea makutano baada ya makutano mpaka uione almasi hiyohiyo imekatwa kwa mistari myeusi. Usiichanganye na pembetatu yenye mshale mnene wima: hiyo inakupa haki makutano yanayofuata tu. Chini ya almasi ukiona mchoro wenye mstari mnene uliopinda, barabara yenye haki ndiyo inayopinda, na ukienda moja kwa moja umeiacha. Nje ya mji almasi hiyo inakukataza pia kuegesha juu ya lami.

Kwenye daraja jembamba utakutana na mishale miwili. Mshale mwekundu ni wa anayepisha. Ukiwa kwenye duara jeupe lenye ukingo mwekundu, mwekundu unapanda, ndio wako, subiri. Ukiwa kwenye mraba wa buluu, mweupe unaopanda ni wako, pita.

Madereva wa malori wanaovuka Rusumo kuingia Rwanda, au wanaoshuka Burundi na Kongo, wajifunze jambo hili pia. Kule huhami upande wa kulia wa barabara tu. Jicho linapaswa kuangalia kulia kwanza penye njia panda isiyo na kibao.

Kwa ufupi

*Kipilefti, nani kwanza? (Arusha, Nakuru na wengine)* Anayezunguka tayari, yaani anayekutokea kulia kwa sisi tunaopita kushoto. Uingereza iliweka kanuni hiyo mwaka 1966. Kabla yake magari yaliingia kwa nguvu, kipilefti kikajaa, na hakuna aliyeweza kutoka.

*Taa zinawaka, na kuna kibao cha kupisha hapohapo. Nifuate kipi?* Taa. Zikizimika au zikiwa zinamweka njano, kibao kinarudi kazini. Trafiki akisimama katikati, anazishinda zote mbili.

*Nikisimama kwa sekunde 3 inatosha?* Sheria haina saa. Magurudumu yasimame kabisa kwenye mstari. Kama ukiwa hapo huoni, sogea taratibu mpaka uone, na ukimwona mtu simama tena.